Kambi ya wanyang'anyi: uige gemu ipi kati ya hizi nne?

Mtoto wa shangazi yangu anatengeneza gemu. Ni gemu ya mikakati, ya zama za kati za Ulaya: ngome, mashamba, kodi, wapanda farasi wenye mikuki. Anaitengenezea chumbani kwake Kiloleni, na kila akimaliza kipande anakileta kwenye chumba changu cha gemu hapa Isevya, Tabora, ili vijana wanaosubiri zamu ya mpira wakijaribu. Mengi wameyapenda. Kilichokwama ni kambi za wanyang'anyi. Kambi ya kwanza mchezaji anaivamia kakaza meno. Ya pili anaivamia kwa mazoea. Ya tatu anabofya "shambulia", anachukua simu, anajibu meseji, na akirudisha macho kwenye kioo majambazi wameshalala chini.

"Kaka," aliniambia juzi, "usiniambie zinaboa, hilo naliona mwenyewe. Niambie niige za nani."

Nikamwomba wiki moja. Haya ndiyo niliyomjibu, nimeyapanua kidogo kwa yeyote anayejenga gemu ya aina hiyo, na hata kwa asiyejenga chochote ila anataka kujua anunue ipi kwa kuwa raha yake ni kuvunja makambi.

Nimeweka nne mezani. Mount & Blade II: Bannerlord ni ya TaleWorlds wa Uturuki; ilianza kuuzwa ikiwa mbichi Machi 2020, ikatoka rasmi Oktoba 2022. Battle Brothers ni ya Overhype wa Ujerumani, ya mwaka 2017. Manor Lords ilianzishwa na mtu mmoja wa Poland, Greg Styczeń, ikaingia sokoni Aprili 2024 kabla haijakamilika. Ya nne ni Civilization VI ya mwaka 2016. Najua, hiyo haihusu zama za kati peke yake, inaanza na marungu na kuishia na roketi. Nimeiingiza kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyemo ndani yake.

Macho ya kambi

Swali langu la kwanza kwa kila gemu lilikuwa hili: kambi inajua kwamba upo?

Kwenye Manor Lords inajua nusunusu. Kambi inachomoza kwenye eneo ambalo halijachukuliwa na bwana yeyote, kisha wanyang'anyi wanaanza kukudokoa ghalani, leo hiki, kesho kile. Wanakukera kama panya. Ukipata watu unawatuma, kambi inakwisha, na mahasimu wako nao wanaweza kukuwahi wakaivunja wao. Hapo kuna mbio kidogo, na mbio ni kitu kizuri, ila wanyang'anyi wenyewe hawana habari na wewe mpaka ufike mlangoni.

Battle Brothers unakodiwa. Wewe ni kiongozi wa kikundi cha mamluki, mkubwa wa mji anakuita, mnavutana bei, unaonyeshwa upande wa kwenda. Njia nzima unajiuliza ni wangapi na wana silaha gani. Kutojua huko kunatosha kukufanya usimame porini ukahesabu chakula na dawa kabla ya kusogea.

Bannerlord inafanya vizuri zaidi ya hizo mbili kwenye hili. Maficho hayaonekani kwenye ramani mpaka upite karibu. Kabla ya hapo unaona uharibifu wake: vikundi vidogo vinavyozunguka, wanakijiji wanaokimbizwa wakipeleka mazao mjini, misafara ya biashara inayopotelea njiani. Ukiingia kijijini unaweza kukuta mzee analalamika na kukuomba ukawaondoe. Yaani kambi unaisikia kabla ya kuiona, kama fisi.

Sasa yule mtu wangu wa Civilization VI. Kambi za washenzi (ndivyo gemu inavyowaita, na mimi jina hilo silipendi) hutoa mpelelezi. Anazurura peke yake, hana madhara makubwa. Lakini akiuona mji wako, alama ya mshangao inatokea juu yake, na anageuka kurudi kambini. Akifika, kambi inaanza kumwaga wapiganaji kuelekea kwako. Ukimuua kabla hajafika, umenunua muda. Ni hivyo tu, hakuna kingine. Na bado nimewaona vijana wenye jeshi la kutosha, wenye miji mitatu, wakiacha kila kitu na kumkimbiza mtu mmoja msituni huku wamesimama, kiti kimesukumwa nyuma.

Nilimwambia ndugu yangu: huyu ndiye wa kwanza kumuiba. Kumjenga hakuhitaji picha mpya wala pambano jipya. Unahitaji mtu mmoja anayetembea, kipimo cha umbali anaoweza kuona, na njia ya kurudi nyumbani. Kwa gharama hiyo kambi inapata macho, na mchezaji anapata kosa ambalo ni lake mwenyewe: nilimwona, nikampuuza.

Wanaoingia

Hapa Bannerlord ndipo inaposifiwa na ndipo inaponikera.

Ukifika kwenye maficho, gemu inakutaka usubiri usiku na uchague watu wachache, kama kumi hivi, kati ya jeshi lako lote. Mnaingia kwa miguu gizani, mnapiga kundi baada ya kundi. Mwisho anatokea mkuu wao na waliobaki, anakupa chaguo: mpigane wawili tu, au wote kwa wote. Mara ya kwanza nilipocheza mikono ilinitoka jasho. Mara ya kumi nilijua tayari atasema nini.

Tatizo lililo kubwa zaidi ni kwamba una watu mia mbili nje, na mia na tisini wamekaa tu. Kwa nini? Gemu haikupi sababu ya kutosha. Huku kwetu mtu yeyote aliyewahi kufuatana na warina asali anajua kwamba wanakwenda wachache na wanakwenda giza likiingia, na hakuna anayeuliza kwa nini, kwa sababu sababu iko kwenye mzinga wenyewe: mchana nyuki wana hasira, na juu ya mti hakuna nafasi ya watu kumi. Kambi ingekuwa na kitu kama hicho, njia moja nyembamba kati ya majabali, au mbwa wanaobweka wakisikia kwato nyingi, amri ile ya watu wachache ingekuwa mkakati. Ilivyo sasa ni kanuni imebandikwa.

Manor Lords wanaoingia ni wakulima wako. Unapopiga mbiu, mfinyanzi anaacha udongo, mvunaji anaacha shamba, na akifa kambini ameondoka kwenye familia yenye nyumba na kiwanja unachokijua. Hakuna haja ya kueleza sana. Mtu wa Tabora aliyeona mtu mmoja akipungua nyumbani wakati wa kuchuma tumbaku anaelewa gharama hiyo bila kusoma maelekezo. Pambano lenyewe, hata hivyo, ni makundi mawili yanayosukumana kwenye nyasi, na kambi kwenye picha ni mahema tu. Haijalishi ulitokea upande gani.

Battle Brothers ina watu 12 uwanjani. Wana majina, wana walichokuwa kabla ya kushika upanga: mvuvi, mwizi wa wanyama, mtawa aliyetoroka. Wanacheza kwa zamu, hatua kwa hatua, kwenye vigae vya pembe sita. Akifa amekufa. Nimeicheza kwa miaka na bado namkumbuka mshona nguo mmoja niliyemwajiri kwa bei ya kutupa, akaniokoa kambi tatu, akapigwa shoka la kichwa na jambazi ambaye tayari alikuwa anatafuta pa kukimbilia.

Neno "kukimbilia" ndilo ninalotaka kulikazia. Wanyang'anyi wa Battle Brothers wana moyo, na moyo huo unapanda na kushuka. Wakiona wenzao wanaanguka, wanayumba. Wakizidi kuyumba, wanatupa mpangilio na kukimbia. Vivyo hivyo watu wako. Usiku unapunguza umbali wa kuona na wapiga mishale wanakosa shabaha, kwa hiyo kuamua saa ya kushambulia ni uamuzi wako na una faida na hasara pande zote mbili. Ukiwa na mashujaa wa ngao na majambazi wana pinde, ngoja giza. Ukiwa na pinde wewe, lala, shambulia asubuhi. Linganisha na Bannerlord, inayokuamulia usiku kwa niaba yako. Mimi hapa sina shaka: saa ya kuvamia mwachie mchezaji.

Civilization haina la kusema kwenye hili. Unasukuma kikosi juu ya kigae, kambi inakwisha, dhahabu inaingia.

Njia ya kurudi

Ndugu yangu alidhani nitaishia kwenye pambano. Mimi naona pambano lake halina ubaya mkubwa. Kinachokosekana ni kila kitu kinachofuata.

Angalia gemu zote nne zinafanya nini baada ya jambazi wa mwisho kuanguka. Battle Brothers inakupa silaha na deraya zao, lakini kwa hali zilizobaki nayo: ukimponda mtu kwa nyundo, deraya yake unaokota chakavu. Kwa hiyo wachezaji wazoefu humzingira jambazi mwenye deraya nzuri na kummaliza kwa visu, ili chuma kisiharibike. Ni wazo la hali ya juu, kwa sababu tamaa inaingia katikati ya pambano na kukufanya uhatarishe watu kwa ajili ya shati la chuma. Manor Lords inakuuliza mali ya kambi iende wapi, kwenye hazina yako binafsi au kwa watu wa eneo lako. Swali zuri, la sekunde mbili. Bannerlord inakujazia mizigo na mateka, na ukizidisha, jeshi linatembea polepole kwenye ramani. Hapo ilikaribia kabisa kitu ninachokitaka, ikaishia njiani: ni mara chache mno polepole hiyo inakudhuru, kwa sababu vikundi vidogo vya wanyang'anyi vinaliogopa jeshi kubwa.

Kitu ninachokitaka kilitokea hapa hapa Unyamwezi mwaka 1871. Waarabu wa Tabora walikuwa na ugomvi na Mirambo juu ya njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Agosti mwaka huo walitoka na watu wengi kwenda kumpiga, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa safarini kumtafuta mvumbuzi Livingstone, akajiunga nao. Waliliteka boma la Wilyankuru. Ushindi ukaonekana mwepesi. Lakini Mirambo na ruga-ruga wake, yaani wapiganaji wake, walikuwa wametoka, wakalala kwenye nyasi kando ya njia, na washindi walipoanza kurudi wamebeba pembe za ndovu na kuswaga mateka, wakawainukia. Jeshi lililoteka boma halikufika nyumbani na mali yake. Stanley mwenyewe alikuwa na homa, akarudi nyuma na waliokimbia mpaka Kwihara, na alipoondoka tena kwenda Ujiji ilibidi azunguke kwa kusini.

Kwanza niweke sawa jambo moja: Mirambo hakuwa jambazi. Alikuwa mtemi aliyejenga dola, na vita yake na wafanyabiashara ilihusu nani atawale njia na nani alipe hongo, yaani ushuru wa kupita. Waliomwita mnyang'anyi ni wale aliowafungia njia. Stanley huyo huyo walipokutana mwaka 1876 walichanjiana damu, akamfananisha na Napoleon. Kwa hiyo sisemi gemu ya ndugu yangu iweke Mirambo ndani ya kambi ya wezi. Nikiona amefanya hivyo nitamfukuza chumbani kwangu. Nasema mbinu ile ni somo kwa mjenzi wa gemu. Mvamizi ni dhaifu zaidi baada ya kushinda, akiwa amechoka, amejaa mizigo, na kila mtu anafikiria nyumbani.

Unganisha sasa. Chukua moyo wa Battle Brothers, wanaokimbia wakimbie kweli, watoke nje ya uwanja wakiwa hai. Chukua uzito wa mizigo wa Bannerlord. Kisha hesabu: waliokimbia ni wangapi, umebeba kiasi gani, unarudi kwa njia ile ile uliyojia? Kama waliokimbia ni wawili, hakuna kitu. Kama ni kumi na mmoja na wewe una mikokoteni saba, mkutane nao kwenye nyasi. Mchezaji ana chaguo nyingi bila kuandikiwa hata moja: awazingire wasitoroke, aache nusu ya mali, azunguke kusini kama Stanley, au atangulize mtu wa kuangalia. Hakuna gemu kati ya hizi nne inayofanya hivyo kikamilifu, na vipande vyote tayari vipo.

Hongo nayo inastahili nafasi. Civilization VI ilipata Februari 2021 namna ya kuchezwa ambamo kambi ni koo: unaweza kuwalipa wasikuguse, kuwakodi wapiganaji wao, kuwachochea wamvamie jirani yako, na kambi iliyoachwa muda mrefu inageuka kuwa mji wenye mamlaka yake. Hizi nyingine tatu mlango wa kambi ni mmoja tu, wa panga. Misafara iliyopita Tabora ikienda na kurudi pwani ililipa vitambaa na shanga kila ilipovuka eneo la mtemi, na kiongozi mzuri wa msafara alikuwa yule anayejua wapi pa kulipa na wapi pa kubana. Gemu ya zama za kati isiyo na bei ya kupita ina pengo, Ulaya au hapa.

Ya mfukoni

Haraka haraka, kwa anayenunua. Bannerlord inadai kama GB 60 kwenye diski. Kwa bando la kawaida huo ni mradi wa mwezi, bora umtafute mwenye nayo. Manor Lords ni ndogo kuliko hiyo lakini inataka kadi ya picha yenye nguvu. Battle Brothers ni nyepesi kupita zote, inakubali laptopu ya ofisi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kusevu katikati ya pambano, na pambano la kambi kubwa linaweza kuchukua nusu saa nzima. Umeme ulinikatikia nikiwa nimebakiza majambazi wawili, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Tangu hapo hiyo naicheza kwenye laptopu tu. Civilization inajisevu yenyewe zamu hadi zamu, haina kero hiyo.

Kwa anayetaka kufungua gemu na kuchezea ndani, Bannerlord ina faili za XML ambazo hata asiyejua kuandika programu anaweza kubadili idadi na aina ya majambazi. Akitaka zaidi ya hapo ajifunze lugha ya programu ya C#. Battle Brothers kanuni zake nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Squirrel, nazo wachezaji wameshazifungua miaka mingi. Ndugu yangu alianzia kwenye hizo XML kabla hajajenga yake, na namshauri kila anayeanza apite humo.

Uchukue ipi

Kama wewe ni mchezaji na unataka kambi ikupige moyo, nunua Battle Brothers, hata kama picha zake ni vichwa na mabega bila miguu. Utazizoea. Kama unataka uingie mwenyewe na upanga mkononi, Bannerlord, ukijua kwamba kambi ya kumi na tano itafanana na ya nne. Manor Lords inunue kwa ajili ya kijiji, ni kijiji kizuri ajabu. Kambi zichukulie kama kupe. Civilization kwa ajili ya makambi peke yake usinunue, ila kama tayari unayo, washa ile namna ya koo na hutaizima.

Kama unajenga, mpangilio wangu ni huu: mpelelezi kwanza kwa kuwa ni rahisi na kazi yake inaonekana siku hiyo hiyo. Halafu moyo wa wanyang'anyi na kukimbia. Halafu mizigo na njia ya kurudi. Mkuu wa kambi wa kupigana naye wawili muache wa mwisho kabisa, au muache kabisa. Ndugu yangu alibisha hapo, anampenda sana yule mkuu, amemchorea hadi kovu. Tumekubaliana atokee kwenye kambi moja tu katika gemu nzima.

Jumamosi alileta kipande kipya, chenye mpelelezi na watoro, hakina hongo bado. Kijana wa kwanza, mmoja wa wale wa kushika simu, aliivunja kambi kwa dakika nne, akaacha tisa wakimbie kwa sababu aliona kuwafukuza ni kupoteza muda, akapakia kila gunia, akarudi kwa njia fupi. Walimkuta mtoni. Alipoteza magunia yote na wapanda farasi wote isipokuwa watatu. Alikaa kimya kidogo, akatoa mia tano mfukoni bila kuombwa, akaanza upya. Safari hiyo, kabla ya kupakia chochote, alimtuma mpanda farasi mmoja atangulie kuangalia nyasi.